Alan Jackson ana vibao vyake mwenyewe tele, kwa nini mwaka 1999 akaimba vya wenzake albamu nzima?

#1 Kofia ya Ngozi
Wakuu, habari za jioni. Nimeliwa kreti ya bia na sasa naomba msaada wa mawazo.

Jumamosi tulikuwa kijiweni kwetu hapa Arusha, gari ya jamaa inapiga "It Must Be Love". Mimi kwa kujiamini nikasema huyo ni Alan Jackson, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, na wimbo ni wake. Kuna mzee fundi cherehani ana kibaraza pale, siku zote tunadhani hasikilizi porojo zetu. Akainua uso kutoka kwenye pindo la suruali, pini bado ziko mdomoni, akasema: "Mwanangu, huo ni wa Don Williams. Huyu karudia." Tukawekeana kreti. Mwisho wake mnaujua.

Kilichoniuma siyo kreti. Nimekwenda kuchimba, nikakuta wimbo umo kwenye albamu ya Alan iitwayo "Under the Influence", imetoka Oktoba 1999, nyimbo 12, na hakuna hata mmoja aliotunga yeye. Hata mmoja! Mtu mwenye mkono kwenye "Chattahoochee" na "Here in the Real World" anaingiaje studio kurudia zilipendwa za wazee? Alikaukiwa? Alikuwa na deni na kampuni? Au kuna kitu sikioni?

#2 Chura wa Kiangazi
Siti ya mbele nimekaa. Kreti ilikuwa ya bia gani, tuanzie hapo.

#3 Dereva wa Usiku
Mleta uzi, hili jepesi. Don Williams alikuwa ameshafariki, Alan akaamua kumuenzi, na familia ikalipwa vizuri. Hizo nyimbo nazipiga Dar hadi Tunduma kila wiki, najua ninachosema.

#4 Mzee wa Santuri
Dereva, punguza mwendo. Don Williams amefariki tarehe 8 Septemba 2017. Albamu hiyo ilipotoka alikuwa hai na aliishi karibu miaka 18 zaidi. Kumuenzi sawa, ila si maiti.

Huo wimbo Don aliufikisha namba moja kwenye chati ya kantri ya Marekani mwaka 1979. Alan akaufikisha namba moja tena mwaka 2000. Watu wawili, miaka 21 katikati, wimbo uleule kileleni. Si jambo la kila siku.

Na mleta uzi usijione mjinga, albamu nzima iko hivyo. "Pop a Top" ilivuma kwa Jim Ed Brown 1967. "Farewell Party" kwa Gene Watson 1979, hadi bendi yake akaiita jina la wimbo. "Kiss an Angel Good Mornin'" ya Charley Pride, 1971. Humo ndani kuna vya Merle Haggard viwili, kuna George Jones, John Anderson, Hank Williams Jr., Mel McDaniel. Ni darasa la historia, na mwalimu kavaa kofia nyeupe.

Kuhusu kwa nini, mimi nina jibu langu. Tazameni mwaka wenyewe. 1999 Nashville, mji ambao ndio makao ya muziki wa kantri, ilikuwa imekimbilia pop. Shania Twain alikuwa ameuza "Come On Over" mpaka watu wakachoka kuhesabu. Garth Brooks, mfalme wao, mwaka huohuo akavaa wigi na kutoa albamu ya roki kwa jina la kubuni la Chris Gaines. Katikati ya kelele hizo anatokea mtu wa Newnan, Georgia, na stili gitaa na fidla, anaimba nyimbo ambazo redio zilikuwa zimezitupa kapuni. Ule ulikuwa mgomo wa adabu.

#5 Kofia ya Ngozi
Mzee wa Santuri shikamoo. Wigi?!

#6 Mzee wa Santuri
Marahaba. Wigi, na kiduku cha ndevu chini ya mdomo. Tafuta picha ucheke.

#7 Binti Nakuru
Hamjambo. Mimi naona wanaume mnakimbilia siasa za muziki wakati jibu liko nyumbani kwake. Mwaka 1998 Alan na mkewe Denise walitengana kwa miezi kadhaa kisha wakarudiana, mambo ambayo wenyewe wameyasema hadharani. Sasa mtu anayetunga kwa kuangalia ndoa yake na babake na mji wake, nyumba ikiyumba anatunga nini? Anafungua kabati anachukua nyimbo za watu. Hata mimi nikiwa na huzuni sipiki kipya, napasha kiporo.

Babangu alikuwa na kaseti ya Don Williams ambayo upande B ulikuwa umelikwa na deki, kwa hiyo hadi leo kuna nyimbo za Don nazijua nusu tu. Ikifika pale kwa kukatika nanyamaza hata kama redio inaendelea.

#8 Chura wa Kiangazi
Binti Nakuru "napasha kiporo" umeniua. Alan Jackson: Viporo Vol. 1.

#9 Mpiga Besi
Naomba nichangie kama mtu wa kazi. Napiga besi kwenye bendi ya hoteli huku Pwani mwaka wa 14. Kila usiku nyimbo za watu. Watu wanadhani kurudia wimbo ni uvivu. Jaribuni. Ukitunga wako, ukikosea noti hakuna anayejua. Ukipiga "Coward of the County" ukakosea, yuko mzee wa Kizungu meza ya nne na yuko mama wa Kikamba anayeosha vyombo nyuma, wote wawili wanakugeukia kwa pamoja.

Mgeni akituomba kantri, tatizo ni stili gitaa. Sisi hatuna. Ni lile gitaa linalolazwa kama meza, mpigaji kakaa, ana kipande cha chuma mkono wa kushoto anakitelezesha juu ya nyuzi, na chini ana pedali za kuvuta sauti. Ndicho kile kilio unachosikia. Mpiga solo wetu analazimika kutelezesha kitako cha glasi kwenye nyuzi za gitaa la kawaida. Inatoka kama paka aliyebanwa mlango, lakini mgeni akishapiga mbili tatu halalamiki.

Kwa hiyo nadharia yangu: alirudi shule. Mwanamuziki akishapata vibao kumi vyake anaanza kujiiga. Ukiimba za waliokufundisha unasikia ulipopotea. Siamini alikaukiwa, maana miaka miwili mitatu baadaye ndipo katoa zile kubwa kabisa.

#10 Kofia ya Ngozi
Zipi hizo mkuu?

#11 Mpiga Besi
Ile ya baada ya Septemba 11, aliiimba hadharani Novemba 2001. Halafu "Drive" ya kumkumbuka babake 2002. Halafu "Remember When" 2003 ambayo huku hakuna harusi wala jubilei ya ndoa isiyoipiga. Zote za mkono wake mwenyewe. Mtu aliyekauka hatoi maji hayo.

#12 Binti Nakuru
Mpiga Besi, "Remember When" kamtungia nani? Mkewe. Nimemaliza.

#13 Wakili wa Mtaa
Samahani kuchelewa, nilikuwa nasubiri mtu aguse suala la fedha kwa usahihi, naona hayupo. Dereva wa Usiku (#3) anasema familia ya Don Williams ililipwa vizuri. Hapana. Don Williams HAKUTUNGA huo wimbo. Ameutunga Bob McDill.

Huku kwetu tunasema "wimbo wa fulani" tukimaanisha aliyeimba. Kwa wenzetu wimbo una mwenye maneno na sauti, na rekodi ina mwenye rekodi, ni mali mbili tofauti. Alan akirudia, analipwa mtunzi na kampuni inayosimamia tungo zake. Aliyeimba mwanzo hapati kitu kwenye toleo jipya. Na la kushangaza zaidi, redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi tu, mwimbaji wa rekodi halipwi hata senti kwa kupigwa hewani. Don angeweza kusikia sauti yake mwenyewe redioni siku nzima, mirabaha ikaenda kwa McDill.

Isitoshe, Alan hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Sheria yao tangu 1909 inasema wimbo ukishatolewa mara ya kwanza, yeyote anaweza kuurekodi mradi alipe kiwango kilichowekwa. Mwaka 1999 kilikuwa senti 7.1 kwa wimbo kwa nakala moja. Ukiuza nakala milioni moja, wimbo mmoja unatoa dola 71,000 kwa upande wa utunzi.

Sasa piga hesabu, mleta uzi. Angetunga yeye nyimbo 12, hizo senti zingeingia mfukoni mwake. Kuimba za wengine ni kuzikataa. Kwa hiyo wale watakaokuja kusema "alifuata pesa", nawasubiri.

#14 Dereva wa Usiku
Wakili nimekubali kosa, nilisikia kwa utingo. Lakini McDill ndiyo nani? Mbona hajulikani?

#15 Mzee wa Santuri
McDill unamjua, hujui tu kama unamjua. "Amanda", "Good Ole Boys Like Me", "Say It Again", hizo za Don unazobeba hadi Tunduma, ni za kalamu yake. "Gone Country" ya Alan mwenyewe, 1994, ni ya McDill. Na kwenye albamu hii tunayobishania ana mbili: hiyo iliyokula kreti, na "Right in the Palm of Your Hand".

#16 Chura wa Kiangazi
Kumbe kreti ilikuwa ya McDill. Fundi cherehani arudishe.

#17 Kofia ya Ngozi
CHURAAA umenipa hoja. Kesho naenda kibarazani na ushahidi.

#18 Dallas kwa Sasa
Niko huku Texas mwaka wa tisa, nawasoma huku nacheka peke yangu kwenye treni.

Kwanza jina la albamu mmelipita. Maneno "under the influence" ndiyo polisi wa huku wanayoyatumia kwa dereva aliyekamatwa akiendesha amelewa. Kwa hiyo ni fumbo: yuko chini ya mvuto wa wale wazee, na pia kalewa. Ukitazama nyimbo unakuta ufunguzi ni "Pop a Top", ambao unaanza na mlio wa kopo la bia likifunguliwa, na wa mwisho ni "Margaritaville" pamoja na Jimmy Buffett, pombe tupu. Katikati kuna "Revenooer Man", habari ya wapika pombe haramu wa milimani na afisa wa kodi anayewawinda.

Pili. Pale ghalani ninapofanya kazi kuna mzee wa Kitexas, kofia haivuliwi hata akila. Siku moja nilikuwa napanga maboksi nikinung'unika wimbo wa Don Williams. Akasimama. Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia kwetu huyo ni kama mjomba, redio zote za Afrika Mashariki zimempiga. Akafikiri namtania. Don kazaliwa Floydada, Texas, na huyu mzee ana ndugu huko, lakini hakujua kabisa kwamba mwaka 1997 Don alikwenda Harare akapiga shoo ikarekodiwa. Nikamwonyesha video kwenye simu. Tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu, zamani alikuwa ananipungia mkono tu.

#19 Chura wa Kiangazi
"Revenooer Man" kumbe ni habari ya gongo! Yaani askari anamfukuza mama muuza gongo bondeni, na fidla inapiga. Huo wimbo ungetungwa kwetu ungefungiwa.

#20 Binti Nakuru
Kwenu gongo, kwetu chang'aa, na sisi tangu 2010 imehalalishwa kisheria ukifuata masharti. Kwa hiyo kwetu huo wimbo umeshapitwa na wakati.

#21 Kampala Road
Na sisi waragi tunaweka kwenye chupa yenye lebo na kuuza dukani. Nyie bado mnakimbizana bondeni. Samahani kwa Kiswahili changu.

#22 Mzee wa Santuri
Kiswahili chako kizuri, turudi kwenye mada.

Hamjaligusa tukio lenyewe. Septemba 22, 1999, tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri, kule Nashville. George Jones, ambaye Machi mwaka huohuo alikuwa ameponea chupuchupu ajali ya gari, alitakiwa aimbe wimbo wake "Choices", ila kwa kifupi, kipande tu. Mzee akakataa, akabaki nyumbani. Alan alipangiwa kuimba "Pop a Top". Akaanza vizuri. Katikati akaisimamisha bendi, wakaingia "Choices". Moja kwa moja hewani, bila kuaga waandaaji. Akamaliza, akatoka jukwaani. Ukumbi ukasimama.

Ndiyo maana nasema mgomo. Na mwaka uliofuata yeye na George Strait wakatoa "Murder on Music Row", wimbo wa kulalamika kwamba kantri imeuawa Nashville kwenyewe. Ushahidi gani mwingine mnataka?

#23 Nyota ya Jaha
Mzee nakuheshimu, lakini umejifunga mwenyewe. Tukio Septemba 22. Albamu Oktoba 26. Na wimbo aliopangiwa kuimba usiku ule ni "Pop a Top", ambao ndio uliokuja kuwa singo ya kwanza ya albamu hiyohiyo. Mwezi mmoja kabla ya albamu ya zilipendwa kuingia sokoni, mwimbaji anajitokeza kama mtetezi wa wazee mbele ya kamera za nchi nzima. Mimi nimefanya kazi ya matangazo ya biashara, hiyo siita mgomo. Tangazo lile. La bure, tena zuri.

#24 Mpiga Besi
Nyota ya Jaha, mtu anayetangaza bidhaa hamkati bidhaa katikati. "Pop a Top" ndiyo ilikuwa singo yake, akaikata, akaimba wimbo wa mtu mwingine ambao haumo hata kwenye albamu. Wapi umeona muuza soda anafungua soda ya mwenzake?

#25 Nyota ya Jaha
Na wewe umeisikia leo "Pop a Top" au hukuisikia? Tuko post ya 25 tunaitaja. Tangazo limefanya kazi.

#26 Mpiga Besi
🤐

#27 Wakili wa Mtaa
Nyongeza ndogo kwa Mzee wa Santuri: "Murder on Music Row" nayo Alan hakuitunga. Waliitunga Larry Cordle na Larry Shell. Hata kulalamika aliazima.

#28 Mzee wa Santuri
Wakili, kuna siku nitakukamata na wewe.

#29 Mwimbaji wa Kwaya
Bwana asifiwe. Mimi huyu Alan simjui kwa pombe, namjua kwa tenzi. Mwaka 2006 alitoa "Precious Memories", nyimbo za kanisani tupu, na inasemwa alizirekodi kwanza kama zawadi ya Krismasi kwa mamake, hakuwa na mpango wa kuuza. Zimo "Yesu Kwetu ni Rafiki", "Ndio Dhamana Yesu Wangu", "Bwana Mungu Nashangaa Kabisa", kwa Kiingereza chao. Gitaa, piano, sauti, basi. Nyumbani kwetu ndiyo CD ya Jumapili asubuhi, watu wanajiandaa kwenda ibadani, na bibi yangu anaimba juu yake kwa Kiswahili bila kugongana hata kidogo kwa sababu sauti ni ileile.

Kwa hiyo mimi naona mnatafuta sababu ya mwaka mmoja wakati ni tabia yake. Huyu ni mtu wa kurudia. Watu wa kwaya tunamwelewa: hakuna anayetuuliza kwa nini hatujatunga tenzi zetu.

#30 Binti Nakuru
Hii ya bibi kuimba juu ya Alan kwa Kiswahili imenigusa. Hii ndiyo post bora ya uzi.

#31 Dereva wa Usiku
Naomba kuuliza bila kuchekwa. Mzee wa Santuri ametaja Charley Pride hapo juu, na jana nimetafuta picha. Ni MWEUSI? Nimemsikiliza miaka 20 nikijua ni Mzungu wa milimani!

#32 Chura wa Kiangazi
Ombi la kutochekwa limekataliwa.

#33 Dallas kwa Sasa
Dereva usijali, hata Wamarekani walipitia hapo. Pride alitoka Sledge, Mississippi, mashamba ya pamba. Kampuni ya rekodi ya RCA walipotoa singo zake za mwanzo miaka ya 60 zilikwenda redioni bila picha, watangazaji wakazipiga wasijue rangi yake. Walipokuja kujua, watu walikuwa wameshampenda. Wimbo wake uliomo kwenye hii albamu ulikaa namba moja wiki tano. Amefariki Desemba 2020.

Na hapo ndipo naiheshimu hii albamu kwa namna yangu. Alan hakuandika maelezo marefu, hakujipigia kifua. Kamweka Pride kwenye foleni moja na Haggard na Jones, basi.

#34 Fundi Redio
Nimefika mwisho wa uzi nikaona hakuna aliyesikiliza. Mnabishana sababu, kazi yenyewe je? Jana nimeweka Don na Alan mfululizo kwenye spika zangu za zamani. Alan kakopi hadi pumzi! Mpangilio uleule, anaingia palepale. Kilichobadilika ni sauti: Don anaimba kama mtu aliyeegemea ukuta baada ya kula, Alan puani kidogo, kwa lafudhi ya kwao Georgia. Sasa kama hubadilishi kitu unarudia ya nini? Ray Charles mwaka 1962 alichukua nyimbo za kantri akaziwekea okestra na waimbaji wa kuitikia, ukisikia unadhani zimezaliwa upya. Ndiyo kurudia huko.

#35 Wakili wa Mtaa
Fundi, sheria yenyewe inayomruhusu kurekodi bila ruhusa inamkataza kubadili sauti ya msingi ya wimbo. Huenda ndiyo maana.

#36 Fundi Redio
Wakili acha bwana. Na Ray Charles je, alikwenda jela?

#37 Wakili wa Mtaa
Ray alibadili mavazi, sauti ya wimbo akaiacha. Kupanga upya kwa mtindo wako inaruhusiwa. Lakini nakubali kwa Alan sheria siyo sababu, hakutaka tu.

#38 Mzee wa Santuri
NIMEKUKAMATA.

#39 Mpiga Besi
Fundi Redio, kukopi hadi pumzi ndiyo heshima ya kazi yetu. Willie Nelson 1977 alitoa albamu nzima ya nyimbo za Lefty Frizzell, Haggard 1969 akatoa ya Jimmie Rodgers, santuri mbili. Martina McBride 2005 katafuta hadi vifaa vya kizamani vya studio ili sauti itoke kama ya wakati ule. Kule ni desturi, kila mkubwa anafika mahali anawalipa waliomtangulia. Hapa kwetu Bi Kidude kaimba nyimbo za Siti binti Saad mpaka anazeeka, na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakubadili.

#40 Nyota ya Jaha
Bi Kidude alizibadili sana tu, kila shoo maneno mengine. Umetoa mfano unaokupinga.

#41 Kampala Road
Na "Malaika" je? Mwenyewe nani?

#42 Mzee wa Santuri
Kampala Road umeleta kiberiti kwenye sheli. Fadhili William alirekodi miaka ya 60, Adam Salim akadai ni wake, Makeba akaimba, Boney M wakaimba 1981. Watu wamekufa bado wanabishana. Fungua uzi wako, hapa tusiugawe.

#43 Wakili wa Mtaa
Lakini ni swali lilelile mzee. Hata hizi "za kwanza" tulizozitaja si za kwanza. "Pop a Top" tumesema ni ya Jim Ed Brown, kumbe mtunzi wake Nat Stuckey alishairekodi mwenyewe mwaka mmoja kabla. "The Way I Am" kila mtu anasema ya Haggard, hadi jina linasikika kama anajieleza yeye, kumbe kaitunga Sonny Throckmorton. Kwa hiyo Alan anarudia wimbo wa mtu ambaye naye alikuwa anaimba wa mtu.

#44 Binti Nakuru
Kwa hiyo kiporo cha kiporo.

#45 Dereva wa Usiku
Wakuu, nimeweka albamu yote kwenye flashi, jana usiku nimeipiga nikipanda Kitonga. Abiria wote wamelala isipokuwa mama mmoja siti ya tatu. Ilipofika "Farewell Party" akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu utingo akasema jamani kuna wengine humu. Mama akasema mume wake alikuwa akiipiga ya mwimbaji mwingine, siyo huyu, lakini hii nayo inatosha. Sikuuliza zaidi.

#46 Mpiga Besi
Mwimbaji mwingine atakuwa Gene Watson. Mtafutie safari ijayo.

#47 Dereva wa Usiku
Nimeshaiweka. Sijui kama atapanda tena.

#48 Kofia ya Ngozi
Mleta uzi nimerudi. Asanteni, nimekuja kutafuta jibu moja nimepata sita na kila mmoja kakaza. Mimi mwenyewe asubuhi niko na Mzee wa Santuri, jioni niko na Binti Nakuru.

Leo nimekwenda kibarazani. Nikamwambia fundi: mzee wangu, ule wimbo siyo wa Alan, lakini wala siyo wa Don. Ni wa Bob McDill, na ushahidi ninao. Kwa hiyo wote tulikosa, kreti tugawane. Hakuinua hata uso. Alikuwa anapachika zipu ya sketi. Akaniuliza: "Huyo McDill anakunywa?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi niliinywa kwa niaba yake," akakanyaga cherehani.

#49 Chura wa Kiangazi
Huyo fundi afunguliwe akaunti humu haraka sana.

#50 Fundi Redio
Mmeniacha na swali langu la post 34, hakuna aliyejibu.